Mama Moshi Kwenye Ukurasa wa Mengineyo

Baba yangu alikuwa na ugonjwa wa kufupisha. Mama akianza kulalamika kwamba paa linavuja upande wa jikoni, na kwamba fundi aliahidi kuja tangu wiki iliyopita, na kwamba ndoo zote nzuri zimeishia kukinga maji, baba alimsikiliza hadi mwisho, akaweka kikombe chini, akasema, "Kwa hiyo, kwa ufupi, fundi hajaja." Mama alimtazama kwa macho ya mtu aliyeibiwa. Sisi watoto tulicheka. Kazini walimwita Bwana Muhtasari, na nadhani alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake.

Alikuwa karani wa maoni katika ofisi ya bonde la mto. Najua hakuna mtoto anayeota kuwa karani wa maoni akiwa mkubwa, lakini kazi ipo, na mtu wa kuifanya lazima apatikane. Ofisi ile ndiyo iliyopanga mambo ya samaki na wanyama wa mto mzima, kuanzia milimani unakotoka hadi unakoishia: wapi pavuliwe na wapi pasivuliwe, fisi maji waachiwe sehemu gani, matete yakatwe miezi ipi. Na sheria ilisema mpango wowote usipitishwe kabla wananchi hawajasikilizwa. Basi wananchi walisikilizwa, na aliyewasikiliza ni baba yangu.

Chumba chake nilikijua vizuri, maana nilipita pale nikitoka shule. Kilikuwa mwisho wa korido, kati ya stoo na choo, chenye dirisha moja la nondo na makabati ya chuma yaliyogoma kufungwa. Kilinuka gundi. Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Kwenye mkutano wa hadhara alikaa meza ya pembeni akaandika kila neno kwa mkono, kwenye daftari la jalada gumu, haraka ajabu, bila kuinua uso. Kisha alikuwa na siku kumi na nne za kuyageuza madaftari hayo kuwa Jedwali la Maoni: safu ya kwanza kifungu cha mpango, safu ya pili hoja, safu ya tatu idadi ya waliosema hivyo. Bodi na wataalamu walisoma jedwali. Madaftari hakuna aliyeyafungua.

Watu arobaini waliofoka mchana kutwa kuhusu nyavu walitoka humo wakiwa mstari mmoja: "Kifungu cha sita, matundu ya nyavu, muda wa kubadilisha uongezwe, watu arobaini." Na maneno yasiyoshikamana na kifungu chochote yalipelekwa ukurasa wa mwisho, wenye kichwa "Mengineyo". Hoja za vifungu ilikuwa lazima zijibiwe. Za Mengineyo hazikujibiwa na mtu. Huko walikwenda walevi, watu waliokuwa wakitafuta kura, na mzee mmoja aliyekuja kila mkutano kulalamikia mbwa wa jirani yake.

"Si dharau," baba alinieleza siku moja. "Mtu anaweza kuongea saa nzima, na ndani yake mkawa na sentensi moja tu. Kazi yangu ni kuitafuta hiyo."

Nilimwamini. Na kusema haki, alikuwa hodari wa kuitafuta. Niliwahi kumwona akizunguka na maneno ya mvuvi mmoja mwenye kigugumizi kwa siku mbili, akiyasoma akila, akiyasoma akinyoa ndevu, mpaka akapiga meza: huyu bwana anazungumzia kifungu cha kumi na mbili. Mvuvi yule akajibiwa.

Sasa nije kwa shangazi. Dada yake baba, mkubwa wake kwa miaka tisa, alikuwa mkaushaji wa samaki. Alikuwa na mapipa manne yaliyokatwa, yenye vichanja vya waya juu yake, nyuma ya nyumba yake, chini kidogo ya matanuri ya matofali. Mtaa mzima ulimwita Mama Moshi. Ndiye aliyembeba baba mgongoni, na ndiye aliyemfundisha herufi za kwanza, kwa kijiti, juu ya majivu. Na mdomo alikuwa nao. Ukimwuliza habari za asubuhi, alianza na ndoto aliyoiota. Hapakuwa na kikao cha wazazi, wala harusi, wala msiba, ambako Mama Moshi hakusimama akasema neno, na watu walimngojea, kwa sababu alichekesha kwanza ndipo akachoma.

Mwaka nilipotimiza miaka kumi na tisa, ofisi ilileta mpango mpya. Samaki walikuwa wameanza kupungua. Kifungu cha tisa kilisema bwawa kubwa lililo chini ya daraja litengwe kuwa mazalia ya samaki, asivue mtu pale. Na ili maji ya bwawa yasipungue, ule mkono wa mto unaochepuka nyuma ya matanuri uzibwe kwa ukuta. Ramani ilibandikwa kwenye ukumbi wa shule. Bwawa lilipakwa rangi ya buluu. Mkono haukupakwa rangi yoyote, ulikatwa tu kwa kistari cheusi.

Baba mwenyewe ndiye aliyemwomba shangazi ahudhurie. Mwenyekiti alikuwa akinung'unika kwamba wanawake hawaonekani mikutanoni. "Dada, njoo useme," baba alimwambia. "Wewe unawajua samaki kuliko hao wenye ramani." Shangazi akaazima viatu vya mama, vikambana, akaja hivyo hivyo akichechemea.

Mimi niligawa fomu mlangoni, kwa hiyo nilishuhudia. Kila msemaji alipewa dakika tatu, kisha mwenyekiti alibonyeza kengele ya mezani. Utaratibu huo baba ndiye aliyeupendekeza. Shangazi alisema kwa dakika kumi na tisa. Kila kengele ilipolia aliitazama kana kwamba inamwita mtu mwingine, ukumbi ukacheka, na mwenyekiti akanyoosha mikono.

Alianza na marehemu mume wake. Akaeleza jinsi walivyohamia nyuma ya matanuri mwaka waliooana, na jinsi baada ya mvua kubwa ya kwanza alivyoona matete yakitikisika bila upepo, akadhani ni nyoka, akapanda juu ya meza. Mumewe alicheka hadi akakaa chini. Kisha akamshika mkono akampeleka kwenye ule mkono wa mto, wakaona kambare majike, matumbo yamejaa mayai, wakijisukuma kwenye maji yasiyofika magotini. Tangu siku hiyo, alisema, kila mwaka amewaangalia. Yangeyange, wale ndege weupe, hutangulia kwa siku mbili tatu, wanasimama wamejipanga kama wanaongoja mshahara. Kisha kambare. Wiki sita tu, halafu maji yanakauka, na vifaranga wameshatoka kurudi mto mkubwa.

"Kule darajani hamna kitu," alisema. "Samaki wanapita tu pale, kama ninyi mnavyopita kituo cha basi. Nani kati yenu alizaliwa kituo cha basi?"

Watu wakaangua kicheko, wakapiga makofi. Nilimtazama baba. Alikuwa ameinama, kalamu inakimbia, jasho linamtiririka shingoni. Nilidhani ni fahari ya kuwa na dada wa namna ile.

Kumbe ilikuwa hofu. Karani aliyemtangulia alifukuzwa kwa ajili ya mkwewe: hoja ya mkwe ilipandishwa juu kabisa ya jedwali, mtu akagundua, kazi ikaisha. Baba alikalia kile kiti akiwa ameapa kwamba hakuna ndugu yake atakayepata hata nusu mstari asiostahili. Na sasa dada yake wa tumbo moja alikuwa amesimama mbele ya bodi nzima, na wajumbe wawili walijua ni dada yake. Alipofika kwenye maneno ya dada yake, kurasa kumi na moja za daftari, alizisoma kama hakimu aliyekwisha kuamua. Kifungu? Hakukitaja. Hoja? Alianza na mume, akapitia nyoka, akaishia kituo cha basi. Mtu mwingine baba angemhangaikia siku mbili, kama alivyomhangaikia yule mvuvi. Dada yake hakumhangaikia. Aliandika kwenye ukurasa wa Mengineyo, chini ya mzee wa mbwa: "Msemaji alieleza historia ya familia yake na mto. Mtu mmoja."

Akagonga muhuri, akarudi nyumbani, akala vizuri. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Hakuhongwa, hakuwa mvivu, na alimpenda dada yake. Alijiona ametenda haki.

Ukuta ulijengwa. Msimu wa mvua uliofuata yangeyange walikuja, wakasimama kwenye matope siku tatu, wakaondoka. Mwaka wa pili walikuja wachache. Mwaka wa tatu hakuja hata mmoja. Kufikia mwaka wa nne shangazi alikuwa akiwasha pipa moja badala ya manne, na wa sita hakuwasha hata moja. Mapipa yakawa ya kukingia maji ya mvua, naye akaanza kuuza mitumba, mashati zaidi, ambayo aliyashonea vifungo kabla ya kuyapeleka sokoni. Mtaa uliendelea kumwita Mama Moshi. Moshi wenyewe haukuwepo.

Lakini biashara mtu hubadilisha. Shangazi alipoteza kitu kingine, na mimi nilikuwa na mkono wangu humo. Mpango ulipopitishwa, nakala iliyochapishwa ililetwa mtaani, nene, yenye picha za samaki. Shangazi husoma polepole, kwa hiyo alinipa mimi. "Hebu nitazamie walinijibu nini." Nikafungua kifungu cha tisa. Paliandikwa: "Hakuna pingamizi lililopokelewa." Ukurasa wa Mengineyo haukuchapishwa kamwe. Nikamwambia, kama mjinga, "Hawakujibu kitu, shangazi."

Akaifunga ile nakala. "Basi nilisema vibaya," alisema. "Nilianza na marehemu. Ningeanza na samaki."

Ukawa ndio wimbo wake. Samaki wakitajwa, "Mimi na mdomo wangu." Ukuta ukitajwa, "Walinipa nafasi nikaanza kupiga soga." Alisema hivyo mezani kwetu mara nyingi, akicheka, na baba aliyekaa mbele yake alikoroga chai ambayo ilikwisha kukorogwa. Kwenye vikao shangazi alianza kukaa nyuma. Akiombwa kusema, alijibu, "Waulizeni wengine, mimi sijui kujieleza." Hata kwenye harusi ya binti yake mwenyewe, shukrani alizitoa jirani. Sisi tulidhani ni umri. Mimi hata nilimtania: "Shangazi, siku hizi umekuwa wa muhtasari kama baba." Akatabasamu. Natamani ulimi ungenikauka siku ile.

Miaka kumi na miwili baada ya ule mkutano, baba akiwa amestaafu, mtaalamu wa samaki wa ofisi ya bonde alikuja nyumbani. Mwanamke mmoja mwembamba, asiyekuwepo ofisini enzi za ule mpango, amevaa buti za mpira na jua linawaka. Nilikuwa nimekuja kuwasalimu wazazi, na mama alikuwa sokoni, kwa hiyo mimi ndiye niliyempa kiti.

"Mzee, nisamehe kukusumbua," alisema. "Nimekuja kwako kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa unaandika. Tumepima miaka mitatu. Kambare hawakuwahi kuzalia lile bwawa la darajani. Walikuwa wanazalia kwenye ule mkono tuliouziba. Sasa ninachoshindwa kuelewa ni hiki: watu wanaishi pale, wanavua pale. Inawezekanaje asiwepo hata mmoja aliyesema?"

Baba aliinuka. Akaenda chumbani, nikasikia kabati likigoma kisha likafunguka, akarudi na daftari la jalada gumu. Ofisini aliacha madaftari mia na zaidi. Hilo moja aliondoka nalo. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba alijua, na baadaye nilipombana aliniambia tangu lini: tangu mwaka ambao yangeyange hawakuja. Miaka tisa alijua.

Mtaalamu alisoma kurasa zote kumi na moja. Alipomaliza alirudi nyuma ukurasa mmoja, akaweka kidole.

"Anataja wiki sita," alisema. "Sisi tumetumia miaka mitatu na mashine kuzipata hizo wiki sita." Akafunga daftari taratibu. "Ningekuwepo nikayaona haya, tungeweka lango badala ya ukuta. Lango la kawaida tu, lifunguliwe wiki sita kwa mwaka. Huyu mama yuko hai?"

"Yuko hai," baba alisema. "Ni dada yangu."

Mtaalamu alimtazama, kisha akatazama buti zake. Alisema Jumamosi kuna mkutano wa kuupitia upya mpango, na angefurahi sana mama huyo akija kusema haya haya. Akaaga haraka.

Tulikwenda kwa shangazi mchana ule ule, mimi na baba, kwa miguu. Baba alibeba daftari kifuani kwa mikono miwili. Shangazi alikuwa sebuleni, amezungukwa na mashati, mkebe wa vifungo mapajani.

"Karibuni. Mbona umekunja uso, mdogo wangu? Kuna msiba?"

"Hapana, dada."

Baba akakaa kwenye ukingo wa kochi. Jambo la miaka kumi na miwili alilisema kwa pumzi moja: "Dada, siku ile ya mkutano, maneno yako sikuyafikisha."

Shangazi akakata uzi kwa meno. "Hukuyafikisha wapi?"

"Kwenye bodi. Niliyaweka Mengineyo. Hakuna aliyeyasoma. Kwa ufupi ni kwamba..."

"Usinifupishie." Hakupandisha sauti. "Anza mwanzo."

Baba alijaribu. Aliyekuwa akipata sentensi moja ndani ya saa nzima, sasa hakupata hata moja. Alianza na yule karani aliyefukuzwa, akaacha, akarudi kwenye ukumbi, akauma maneno. Shangazi akaelekeza sindano kwenye daftari.

"Humo yamo?"

"Yamo yote."

"Soma."

Akasoma. Sikuwahi kujua kwamba aliandika kila kitu namna ile, hata pembeni ameweka "kicheko", "makofi", "kengele". Alivisoma navyo pia. Alipofika kwenye kituo cha basi, shangazi alicheka, kicheko kifupi, kama amesikia utani wa mwanamke mwingine anayempenda. Alipofika pale marehemu anamshika mkono kwenda kwenye matete, aliliweka shati chini. Mara mbili baba alipoteza mstari. Shangazi alingoja tu mpaka aendelee.

Ilipokwisha, baba alifunga daftari. Nje mtu alikuwa akisukuma toroli la matofali, likipiga kelele kila gurudumu linapozunguka.

"Hayo niliyasema mimi?" shangazi aliuliza.

"Wewe, dada."

"Hivyo hivyo?"

"Neno kwa neno."

Akatikisa kichwa polepole. "Kumbe nilisema vizuri," alisema.

Baba akalia. Nilikuwa na miaka thelathini na moja na sikuwahi kumwona akilia, hata kwenye maziko ya mama yake. "Nisamehe, dada. Niliogopa watasema nakupendelea."

"Uliwaogopa wao," shangazi alisema. "Mimi hukuniogopa."

Nikaleta habari ya Jumamosi, maana ilibidi mtu aseme kitu. Nikamweleza kwamba mtaalamu amesoma, kwamba pengine ukuta utawekewa lango, kwamba wanamhitaji aje aseme tena.

Shangazi alitazama mikono yake. "Sitaweza, mwanangu. Siku hizi nikisimama mbele za watu maneno yananikimbia. Aende baba yako akasome. Asiruke neno."

"Ni dakika tatu tu, dada," baba alisema, kwa mazoea.

"Nani aliziweka?"

Baba alijifuta uso kwa kiganja, akasimama, akasema tena, "Nisamehe."

"Ya mto nimekusamehe," shangazi alisema. "Mto ni wa watu wote, na wewe ulikosea kama wanavyokosea watu. Labda samaki watarudi. Lakini nimekaa nyuma ya watu miaka yote hii nikijiona mpumbavu, na wewe unanitazama, unakoroga chai. Hiyo usiniombe leo."

Akanyoosha mkono, baba akampa daftari. Shangazi ambaye kila siku hutusindikiza hadi kwenye matanuri, na maneno yakinoga hata kupita matanuri, hakuinuka. Nilipotaka kumfuata baba, shangazi akanishika nguo.

"Wewe baki," alisema. "Nisomee tena. Anzia pale kwenye nyoka."

Nikakaa, nikafungua, nikasoma. Midomo yake ilikuwa ikifuatana na yangu, bila sauti. Dirishani nilimwona baba amesimama kando ya mapipa, hajui aondoke au arudi, na hakuna aliyemwita.